Saa ya Kengele na Usingizi wa Vijana: Je, Shule za Sekondari Zichelewe Kuanza?

Katika kata nyingi za Mkoa wa Kigoma, mwanafunzi wa sekondari ya kutwa hutoka nyumbani kukiwa bado na giza. Hufika shuleni kabla jua halijachomoza, hushika fagio au jembe la usafi, husimama mstarini, kisha huingia darasani kusikiliza somo la kwanza. Walimu huwaona baadhi ya wanafunzi wakisinzia kabla ya saa 4 asubuhi. Wazazi nao huwaona wakirudi jioni wamechoka, wakashindwa kufungua daftari.

Kutokana na hali hiyo, baadhi ya wananchi huuliza kama shule za sekondari hazingepaswa kuanza baadaye kidogo ili vijana wapate usingizi wa kutosha. Wengine huona kwamba kumruhusu kijana achelewe kuamka ni kumlea katika uvivu, kwa kuwa biashara ni asubuhi, jioni ni mahesabu. Pande zote mbili zina hoja. Makala haya yanaeleza mahitaji ya mwili wa kijana, hali ya jua na saa katika mkoa huu, yaliyofanyika katika nchi nyingine, nani mwenye mamlaka ya kubadili ratiba, na hatua ambazo shule na familia zinaweza kuchukua bila kusubiri uamuzi wa Taifa.

Usingizi anaouhitaji kijana

Mwaka 2016, chama cha madaktari wa tiba ya usingizi nchini Marekani kilitoa mwongozo ambao sasa hutumiwa katika nchi nyingi. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mtu mzima hutosheka na saa 7 au zaidi. Hivyo basi, kijana wa Kidato cha Tatu, hata akiwa amemzidi mama yake kimo, bado anahitaji kulala muda mrefu kuliko mama yake.

Sababu ni kwamba mwili wake ungali katika ujenzi. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi wakati wa usingizi mzito. Ubongo nao hutumia usingizi kupanga na kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana. Mwanafunzi anayekesha akikariri kanuni za hisabati na kulala saa 4 tu huwa amejinyima muda ambao ubongo wake ungeutumia kuzihifadhi kanuni hizo.

Kwa nini kijana halali mapema

Mzazi akisikia maelezo hayo, jibu la haraka ni kumwamuru kijana alale mapema. Amri hiyo ni ya haki, lakini hukutana na kizuizi cha kimaumbile. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna mfumo unaofanya kazi kama saa, nao huuongoza mwili kujua wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Giza linapoingia, mfumo huo huruhusu homoni iitwayo melatonini kutolewa, na mtu huanza kuona usingizi.

Katika umri wa balehe, saa hiyo ya mwili hurudi nyuma. Utafiti wa miaka mingi, ukiwamo wa Profesa Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, umeonyesha kwamba vijana balehe huanza kuona usingizi baadaye kuliko watoto wadogo, na mabadiliko hayo yanaweza kufikia saa 2. Mtoto aliyekuwa akisinzia saa 2:30 usiku akiwa darasa la nne, akifika Kidato cha Pili huweza kuwa macho hadi saa 4:30 au saa 5 usiku bila kulazimishwa na mtu. Asubuhi, mwili uleule hukataa kuamka kwa sababu kwa kipimo chake usiku haujaisha.

Kwa hiyo, kijana anayeamshwa saa 10:45 alfajiri akawa mzito kama gogo si lazima awe mvivu. Ameamshwa wakati ambapo mwili wake ungali usiku wa manane. Hata hivyo, maumbile hayaelezi kila kitu. Mwanga wa simu, muziki, na mechi za Ulaya zinazoonyeshwa katika vibanda umiza hadi saa 6 usiku na kuendelea huisukuma saa hiyo nyuma zaidi. Hilo liko ndani ya uwezo wa familia na uongozi wa kijiji.

Hesabu ya usiku mmoja

Mfano mmoja wa hesabu utasaidia kuonyesha mahali usingizi unapopotelea. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anakaa kilomita 6 kutoka shuleni. Kwa mwendo wa kawaida wa miguu, safari hiyo huchukua takriban saa 1 na dakika 15. Shule ikimtaka awepo saa 12:45 asubuhi kwa ajili ya usafi, ni lazima atoke nyumbani saa 11:30 alfajiri. Akihitaji dakika 45 za kuchota maji, kuoga na kuvaa, ataamka saa 10:45.

Ili apate saa 8 za usingizi, mwanafunzi huyo angepaswa kuwa amelala ifikapo saa 2:45 usiku. Katika kaya nyingi, huo ndio wakati sufuria ya ugali inateremshwa jikoni. Baada ya kula kuna vyombo vya kuosha na kazi za shule za kufanya. Akilala saa 4:30 usiku, atakuwa amepata saa 6 na dakika 15. Upungufu wake kwa usiku mmoja ni saa 1 na dakika 45. Ifikapo Ijumaa jioni, baada ya siku 5 za masomo, upungufu huo umefikia saa 8 na dakika 45, sawa na kukosa usiku mzima wa usingizi. Hii ndiyo sababu vijana wengi hulala hadi jua la utosi siku ya Jumamosi: mwili unadai deni lake.

Katika hesabu hiyo, somo la kwanza halijatajwa. Shule nyingi huanza vipindi kati ya saa 1:30 na saa 2:00 asubuhi. Kilichomwamsha mwanafunzi saa 10:45 ni umbali wa kutembea pamoja na usafi na mstari unaotangulia vipindi. Ni muhimu jambo hili lieleweke, kwa sababu linaonyesha kwamba muda wa kufika shuleni na muda wa kuanza masomo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina mwamuzi wake.

Saa ni moja, jua halichomozi pamoja

Tanzania nzima hutumia saa moja, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Jua halifuati utaratibu huo. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kila nyuzi moja ya longitudo huchukua dakika 4. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna takriban nyuzi 10, hivyo jua huchomoza Kigoma karibu dakika 40 baada ya kuonekana Dar es Salaam. Mwezi Julai, mkazi wa Dar es Salaam huliona jua karibu saa 12:35 asubuhi. Mkazi wa Kigoma hulisubiri hadi karibu saa 1:10.

Isitoshe, katika maeneo yaliyo karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi. Giza hugeuka mwanga kwa muda wa takriban dakika 20. Mwanafunzi anayetoka nyumbani saa 11:30 alfajiri mwezi Julai hutembea zaidi ya saa nzima gizani. Ratiba ileile ya kufika saa 12:45 inayomfikisha mwanafunzi wa pwani shuleni kukiwa kumepambazuka humfikisha mwanafunzi wa Kigoma kukiwa bado giza.

Wakazi wa vijiji vya mpakani wanalijua jambo hili kwa uzoefu, kwa sababu Burundi hutumia saa iliyo nyuma ya ya Tanzania kwa saa nzima. Jua linapochomoza pande zote mbili za mpaka, upande mmoja saa husoma saa 1:10, na upande wa pili husoma saa 12:10. Mtoto wa upande huu akiitwa shuleni saa 12:45, kwa kipimo cha jua ni kama mtoto wa upande wa pili ameitwa saa 11:45 alfajiri.

Hali hiyo ina upande wake wa faida. Kwa kuwa jua huchelewa kuchomoza magharibi ya nchi, huchelewa pia kutua. Kigoma hubaki na mwanga hadi karibu saa 1 usiku kwa mwaka mzima. Hivyo mkoa huu una uhaba wa mwanga asubuhi na akiba ya mwanga jioni. Ratiba ya shule inayomtoa mwanafunzi nyumbani gizani na kumrudisha mchana jua likali huwa haijaitumia akiba hiyo.

Kinachopotea usingizi unapopungua

Madhara ya kwanza huonekana darasani. Mwanafunzi asiyelala vya kutosha hupungukiwa umakini, husahau haraka, na hukosea mambo madogo aliyoyaelewa jana. Vipindi vya asubuhi, ambavyo shule nyingi huvipanga kuwa vya hisabati na sayansi, ndivyo vinavyoumia zaidi.

Madhara ya pili ni ya afya. Upungufu wa usingizi wa muda mrefu hudhoofisha kinga ya mwili, huongeza hasira na huzuni, na kwa vijana huhusishwa na sonona. Katika mkoa wenye malaria, kuna jambo la ziada. Mbu aenezaye ugonjwa huo huuma usiku hadi alfajiri. Kijana anayetoka ndani ya chandarua saa 10:45 huacha kinga yake wakati mbu wangali kazini.

Madhara ya tatu ni ya usalama. Giza la alfajiri huwaweka wasichana katika hatari ya kushambuliwa njiani, hasa panapokuwa na mashamba marefu ya mahindi au vichaka vya michikichi pande zote za njia. Watembea kwa miguu hawaonekani vizuri na madereva wa malori na bodaboda. Mzazi anayeamua binti yake apumzike nyumbani siku za mvua huwa amepima hatari hiyo, na gharama yake ni utoro unaoandikwa katika daftari la mahudhurio.

Yaliyofanyika kwingine

Mjadala huu ulianza kuchukua sura ya sera nchini Marekani katika miaka ya 1990. Mwaka 1996, mji wa Edina katika jimbo la Minnesota ulihamisha mwanzo wa shule ya sekondari kutoka saa 1:20 hadi saa 2:30 asubuhi. Mwaka 1997, jiji jirani la Minneapolis lilitoka saa 1:15 hadi saa 2:40. Mwaka 2014, chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilipendekeza kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019 iliyoanza kutumika Julai 2022, ikizitaka shule za sekondari za juu zisianze kabla ya saa 2:30. Shule za vijijini ziliachwa nje ya sharti hilo.

Jiji la Seattle lilitoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mwaka 2016 lilisogeza mwanzo wa masomo kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi, yaani dakika 55. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwavalisha wanafunzi vifaa vya mkononi vinavyopima usingizi, kabla na baada ya mabadiliko. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba wanafunzi walipata usingizi zaidi kwa takriban dakika 34 kila usiku wa siku za masomo. Wasiwasi kwamba vijana wangetumia muda ulioongezwa kukesha zaidi haukuthibitika. Sehemu kubwa ya muda huo waliitumia kulala.

Karibu na nyumbani, Rwanda imechukua hatua kubwa. Mwezi Novemba 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 shule zianze saa 2:30 asubuhi na kumaliza saa 11:00 jioni, na ofisi zifunguliwe saa 3:00. Sababu zilizotajwa ni ubora wa elimu, ustawi wa familia na tija kazini. Kigali na Kigoma ziko karibu kwenye longitudo moja na jua huchomoza kwa wakati mmoja, ila saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa nzima. Mwanafunzi wa Kigali anapoanza somo lake la kwanza, saa za Kigoma husoma saa 3:30 asubuhi. Kwa kipimo cha jua, wanafunzi hawa wawili wanaoishi chini ya jua lilelile hutofautiana kwa zaidi ya saa moja na nusu katika kuanza siku yao ya masomo.

Kenya inatoa funzo la aina nyingine. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 za nchi hiyo zilitaja saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri kuwa muda wa vipindi kwa shule za kutwa. Hata hivyo, wanafunzi wengi waliendelea kuonekana barabarani kabla ya mapambazuko, na viongozi wa elimu wamelazimika kuwakumbusha wakuu wa shule kanuni hiyo mara kwa mara. Ushindani wa mitihani na masomo ya ziada yalishinda maandishi. Kanuni isiyosimamiwa na wazazi na bodi za shule haimwongezei mtoto hata dakika moja ya usingizi.

Gharama za kuchelewa kuanza

Kusogeza mwanzo wa masomo mbele kuna gharama, na wananchi wanapaswa kuzipima. Mwisho wa siku nao husogea. Mwanafunzi anayemaliza saa 9:30 alasiri angemaliza saa 10:00 au saa 10:30. Kazi za nyumbani kama kuchota maji, kutafuta kuni, kuchunga mifugo na kuanua dagaa ufukweni hutegemea muda huo. Watoto wanaokwenda madrasa alasiri, kwaya au mafundisho ya dini wangebanwa.

Chakula ni jambo la pili. Shule isiyotoa uji au chakula cha mchana haiwezi kuongeza dakika 30 za jioni bila kuongeza njaa. Mwanafunzi mwenye njaa saa 9 alasiri hasikii somo kuliko yule mwenye usingizi saa 2 asubuhi.

Jambo la tatu ni walimu, ambao wengi hukaa mbali na shule na wana familia zao. Jambo la nne ni joto. Kipindi cha mchana chini ya bati lisilo na dari ni kigumu zaidi kuliko kipindi cha asubuhi. Jambo la tano ni kaya zenye watoto wa shule za msingi na sekondari wanaotembea pamoja. Ratiba zikitofautiana sana, mdogo hubaki bila msindikizaji.

Ushahidi wa Marekani nao unapaswa kusomwa kwa uangalifu. Kule sehemu kubwa ya wanafunzi husafirishwa kwa mabasi ya shule na magari ya wazazi. Mabadiliko ya saa huwasaidia kwa sababu basi huja baadaye. Katika kata ambako mwanafunzi hutembea kilomita 6, kupunguza umbali humsaidia kuliko kusogeza kengele. Ndiyo maana ujenzi wa shule katika kata zisizo na sekondari, hosteli za wasichana, na madaraja ya vivuko vinavyokata njia ndefu ni sehemu ya jibu la tatizo la usingizi, ingawa mara nyingi huzungumzwa kama miradi ya majengo tu.

Nani huamua nini

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hutunga sera na kusimamia mitaala, ikiwamo idadi ya vipindi na urefu wake. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. TAMISEMI husimamia uendeshaji wa shule za Serikali kupitia halmashauri. Kwa hiyo, kupunguza vipindi au kubadili muhula ni mambo yaliyo juu ya uwezo wa kijiji na kata.

Yapo, hata hivyo, mambo mengi ambayo huamuliwa shuleni kwenyewe. Saa ya kufika, saa ya usafi, urefu wa mstari wa asubuhi, masomo ya ziada ya kabla ya vipindi, na muda wa kujisomea usiku kwa wanaokaa bweni hupangwa na mkuu wa shule pamoja na walimu wake, na bodi ya shule ina nafasi ya kuyajadili. Wazazi hufika huko kupitia mikutano ya wazazi na wajumbe wa bodi. Afisa Elimu Kata na Kamati ya Maendeleo ya Kata ni ngazi inayofuata, na Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri hupokea mapendekezo yanayohusu zaidi ya shule moja.

Hatua zinazowezekana sasa

Kwanza, kuhamishia usafi mchana. Katika mfano uliotolewa juu, shule ikiufanya usafi baada ya kipindi cha mwisho na kumtaka mwanafunzi afike saa 1:20 kwa ajili ya somo la saa 1:30, mwanafunzi yule wa kilomita 6 ataamka saa 11:20 badala ya saa 10:45. Ameongezewa dakika 35 bila kipindi hata kimoja kuguswa. Akiendelea kulala saa ileile, nyongeza hiyo inalingana na ile waliyoipata wanafunzi wa Seattle. Atatoka nyumbani saa 12:05, na sehemu kubwa zaidi ya safari yake itakuwa na mwanga.

Pili, kuondoa masomo ya ziada ya alfajiri. Kama ni lazima yawepo kwa Kidato cha Nne, yafanyike baada ya vipindi au Jumamosi, na kwa muda uliokubaliwa na wazazi.

Tatu, kutomwadhibu aliyechelewa bila kuuliza anatoka wapi. Daftari la shule linaweza kuonyesha umbali wa kila mwanafunzi, ili wanaokaa mbali wapewe zamu za usafi za mchana na wanaokaa jirani wachukue zile chache za asubuhi zisizoepukika.

Nne, kwa shule za bweni na hosteli, kuweka saa ya kuzima taa na kuiheshimu. Kanuni za Kenya zilizotajwa zimetenga saa 3:30 usiku hadi saa 12:00 asubuhi kuwa muda wa kulala, yaani saa 8 na nusu. Bweni ambalo wanafunzi huzima taa saa 5 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri huwapa saa 5 tu.

Tano, kwa vijiji, kusimamia vibanda vya video visipokee wanafunzi usiku wa siku za masomo. Serikali za vijiji zinaweza kuliweka jambo hilo katika makubaliano ya mkutano mkuu, na halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo.

Sita, kwa shule zenye chakula cha mchana na wanafunzi wengi wanaotoka mbali, bodi zinaweza kupeleka pendekezo la kuanza vipindi saa 2:00 badala ya saa 1:30. Siku ya masomo ikisogezwa kwa dakika 30, mwanafunzi wa kilomita 6 anayeruhusiwa saa 10:00 atafika nyumbani karibu saa 11:15 jioni, ikiwa imebaki zaidi ya saa moja na nusu kabla ya jua kutua. Pendekezo kama hilo liambatane na orodha ya umbali wa wanafunzi, maoni ya walimu na maoni ya wazazi, wakiwamo wale ambao kazi za jioni zingewaathiri.

Wajibu wa nyumbani

Dakika zitakazookolewa shuleni zinaweza kupotea nyumbani kwa usiku mmoja. Maji yachotwe jioni na sare iandaliwe kabla ya kulala. Kazi za kaya zigawanywe kwa haki kati ya wavulana na wasichana, kwa kuwa mara nyingi binti ndiye hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Chakula cha jioni kikiwezekana kiliwe mapema. Simu iwekwe mbali na kitanda walau saa moja kabla ya kulala, na chai ya rangi au kahawa isitumiwe usiku kufukuza usingizi. Katika nyumba ambazo siku huanza kwa sala ya alfajiri, hesabu ifanywe kutoka saa ya kuamka kurudi nyuma, ili saa ya kulala ndiyo ibadilike.

Kijana akilala zaidi Jumamosi, aachiwe kwa kiasi. Akizidisha hadi mchana, saa ya mwili wake itasogea tena na Jumatatu itakuwa nzito kuliko ilivyokuwa.

Mwananchi anayetaka kulifikisha suala hili mbele anaweza kuanza na maswali manne katika mkutano ujao wa wazazi: mwanafunzi anayetoka mbali zaidi huamka saa ngapi, shule inamtaka afike saa ngapi, na kwa kazi gani, kazi hiyo inaweza kufanywa wakati mwingine wa siku, na ni wanafunzi wangapi hutembea gizani mwezi Julai. Majibu ya maswali hayo yanapatikana katika kila shule, na yakishaandikwa, bodi itakuwa na msingi wa kuamua.